Kuchora Kile Ambacho Metali Inakiona



Mnalijua dele la kahawa. Liko Lamu, liko Mombasa, liko Unguja: umbo la shaba ya manjano, mdomo uliopinda, makaa chini yake. Likisuguliwa kwa ndimu na majivu hung'aa hata likaumiza macho. Mpe mtu karatasi na rangi umwambie alichore. Mara nyingi atajaza umbo lote kwa manjano, kisha ataweka doa jeupe ubavuni ili tujue kwamba linang'aa. Tazama alichokipata: chombo cha plastiki. Kina umbo la dele, kina rangi ya dele, lakini hakuna atakayedhani kwamba kikianguka sakafuni kitalia.

Kwa miaka kadhaa kompyuta nazo zilichora vivyo hivyo, na wengi wetu tunaojifunza ufundi huu tunaanzia palepale. Tunatafuta rangi ya dhahabu, tunatafuta rangi ya fedha, tunaongeza doa jeupe, kisha tunashangaa kwa nini kitu kimepooza. Nimekuja kuwaambia kwamba metali iliyong'arishwa haina sura yake yenyewe. Litazame dele la kweli kwa utulivu, sehemu baada ya sehemu: hapa kipande cha anga, pale ukuta wa chokaa, hapa kanzu ya muuzaji, pale weusi wa mlango ulio wazi. Manjano ipo, lakini imepakwa juu ya vitu hivyo vya nje. Peke yake haionekani popote. Anayetaka kuchora metali hana budi kwanza achore kile ambacho metali inakiona.

Sababu iko ndani ya metali. Nuru ikipiga plastiki, mbao au kitambaa, sehemu ndogo hurudi hapohapo usoni. Sehemu kubwa hupenya, hutangatanga ndani, kisha hutoka ikiwa imechukua rangi ya kitu hicho na kutawanyika kila upande. Ndiyo maana shati la buluu ni la buluu hata ukilitazama kutoka wapi. Metali haina safari hiyo ya ndani. Ina elektroni zilizo huru, zisizofungwa kwenye atomu moja, nazo huliitikia wimbi la nuru mara linapogusa. Nuru nyingi hurudishwa. Ile kidogo inayopenya humezwa karibu yote kabla haijazama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kinachobaki kwa mtazamaji ni mwakisiko tu.

Tofauti hii ina nambari, na nambari hizo mchoraji wa kompyuta anazihitaji. Plastiki, mbao iliyopakwa vanishi au kauri, ukiitazama wima kutoka juu, hurudisha usoni kama asilimia 4 ya nuru, bila kuichagua kwa rangi. Maji hurudisha asilimia 2 hivi. Alumini hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya kila rangi, ndiyo maana ni nyeupe. Dhahabu hurudisha nyekundu karibu yote, kijani takribani robo tatu, na buluu theluthi moja tu. Tofauti hiyo ndiyo tunayoiita rangi ya dhahabu. Shaba ya dele, iliyo mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, iko jirani na dhahabu: nyekundu asilimia 90 hivi, kijani chini kidogo ya 80, buluu zaidi kidogo ya 40. Kwa hiyo doa la jua juu ya plastiki ya manjano ni jeupe, lakini doa la jua juu ya shaba limeingia umanjano. Mtu anayeweka doa jeupe juu ya dele amelifanya plastiki kwa tendo hilo hilo moja.

Kuna jambo la pili lililofahamika tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kazi ya Augustin-Jean Fresnel, mhandisi wa barabara wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1827 akiwa na miaka 39. Milinganyo yake inasema kwamba kadiri unavyoutazama uso kwa mshazari, ndivyo unavyoakisi zaidi, na ukifika ukingoni kabisa, jicho likiwa karibu sambamba na uso, kila kitu huwa kioo. Hata meza ya mbao. Hata lami. Shaba nayo, kwenye kingo za umbo lake, hupoteza umanjano wake ikaakisi rangi zote sawasawa. Mwaka 1994 Christophe Schlick alitoa fomula fupi inayokadiria milinganyo hiyo kwa hesabu nyepesi, na hadi leo michezo mingi ya kompyuta inaitumia katika kila pikseli inayoonekana.

Sasa turudi nyuma kidogo, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, miaka ya 1970. Pale walikusanyika watu wachache walioweka misingi ya karibu kila kitu tunachokifanya. Mmoja wao alikuwa Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, ambaye mwaka 1975 alichapisha njia ya kuhesabu mng'ao: chukua uelekeo wa taa, chukua uelekeo wa jicho, pima jinsi vinavyokaribia kulingana kwa kanuni ya kuakisi, kisha uinue kipimo hicho kwenye kipeo kikubwa ili doa liwe dogo na kali. Alifariki mwaka huohuo, akiwa kijana. Njia yake ilikuwa rahisi na ya haraka, na kompyuta za siku zile zilihitaji vyote viwili. Lakini ilijua taa tu. Chumba, dirisha, dari, mtu aliyesimama kando, vyote kwake havikuwepo. Picha zake, kwa uzuri wake wote, zilikuwa picha za plastiki.

Waliofungua mlango wa metali ni James Blinn na Martin Newell, nao wa Utah. Newell alihitaji umbo la kujaribia, akachukua birika la chai la nyumbani kwake, akalichora na kuliandika kwa nambari. Umbo hilo likasambaa ulimwenguni, na birika lenyewe leo liko kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California. Mwaka 1976 wawili hao walichapisha wazo ambalo kwa maoni yangu halijapewa heshima linayostahili. Badala ya kuuliza taa iko wapi, walichukua picha moja ya mazingira yote, kila upande, wakaizungushia birika. Kwa kila pointi ya birika walihesabu mwale ungeelekea wapi baada ya kuakisiwa, kisha wakasoma rangi iliyopo kwenye picha upande huo. Basi. Hiyo ndiyo ramani ya mazingira.

Naomba tusimame hapa, kwa sababu urahisi wa hesabu hiyo una historia ndefu. Zaidi ya miaka 900 kabla ya Utah, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Kairo, aliuliza katika Kitab al-Manazir: ukiwa na kioo cha mviringo, na ukajua jicho liko wapi na kinachoonekana kiko wapi, ni pointi ipi hasa ya kioo inayouleta mwale kwenye jicho? Swali hilo lilisumbua wanahisabati kwa karne nyingi, maana kwa tufe tu linazaa mlinganyo wa daraja la nne. Mchoraji wa kompyuta analigeuza. Yeye tayari ameshika pointi, kwa sababu anajaza pikseli moja baada ya nyingine. Jicho analijua, uso anaujua umeelekea wapi. Kinachokosekana ni upande ambao mwale unakwenda, na hilo mwanafunzi wa shule ya msingi analiweza: pembe tuo ni sawa na pembe akisi. Swali gumu na jibu lake jepesi vinahusu kioo kilekile. Tofauti ni wapi unaanzia.

Ramani ya mazingira ina udanganyifu mmoja ndani yake. Inachukulia kwamba kila kinachoakisiwa kiko mbali mno. Ukisogeza birika kutoka dirishani hadi mlangoni, mwakisiko haubadiliki. Mdomo wa birika hauonekani kwenye tumbo la birika. Mwaka 1980 Turner Whitted, akiwa kwenye maabara ya Bell Labs, alionyesha jinsi ya kuondoa udanganyifu huo: kila mwale ukiakisiwa, ufuate mpaka ugonge kitu kingine cha kweli kwenye onyesho, na ukigonga kioo kingine, uufuate tena. Picha yake ya matufe mawili juu ya sakafu ya mirabaraba ilichukua dakika 74 kwenye kompyuta ya VAX-11/780, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwisha katika kutafuta mwale umegonga nini. Kila mtu aliona kwamba hii ndiyo njia sahihi. Karibu hakuna mtayarishaji wa filamu aliyeweza kuimudu.

Ndiyo maana kazi ya metali katika sinema ilijengwa juu ya udanganyifu wa Blinn na Newell. Mwaka 1982 Gene Miller wa kampuni ya MAGI, pamoja na Ken Perlin, walitumia pambo la Krismasi la duara linalong'aa: walilipiga picha, na kwa kuwa duara hilo linaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, picha hiyo moja ikawa ramani ya mazingira ya mahali palepale. Kitu cha kompyuta kilichovikwa ramani hiyo kikaonekana kimesimama kweli pale. Mwaka 1986 chombo cha anga kinachong'aa kilipaa katika filamu ya Flight of the Navigator. Mwaka 1991 mwongozaji James Cameron alitoa filamu ya Terminator 2, na mtu wa metali ya majimaji aliyetengenezwa na Industrial Light & Magic akapita katikati ya moto huku mwili wake ukiakisi kila kitu. Programu ya RenderMan iliyotumika wakati ule haikufuata mwale hata mmoja kwa namna ya Whitted. Mkono wa yule mtu haukuonekana kifuani pake isipokuwa mafundi wapange hila ya kuuonyesha. Watazamaji duniani kote waliamini.

Kwa nini waliamini? Mwaka 2003 Roland Fleming, Ron Dror na Edward Adelson walichapisha majaribio yanayonisaidia sana ninapofundisha. Waliwaonyesha watu matufe ya kompyuta na kuwataka wakadirie mng'ao wake. Matufe yakiakisi mazingira ya kweli, yaliyonakiliwa kutoka mahali halisi, watu walikadiria vizuri, hata bila kuona mazingira hayo yenyewe. Matufe yakimulikwa na taa moja ya nukta, au yakivikwa vurugu ya nasibu tu, makadirio yaliharibika. Jicho, basi, halihakikishi kama mwakisiko ni wa chumba hiki au cha jirani. Linachotafuta ni tabia ya ulimwengu: juu pawe na mwanga kuliko chini, kuwe na kingo kali na kingo laini, kuwe na vyanzo vichache vikali mno katikati ya giza kubwa la wastani. Mwanafunzi anayechora chumba kitupu chenye taa moja kisha akaweka dhahabu ndani yake amelinyima jicho lake mwenyewe ushahidi.

Nimesema vyanzo vichache vikali mno. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na nitakaa hapo kwa muda.

Picha ya kawaida ya simu huandika mwangaza wa kila rangi kwa ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Ukuta mweupe uliopigwa na jua la adhuhuri huenda ukaandikwa 255. Jua likiwemo kwenye picha, nalo litaandikwa 255, maana hakuna nambari iliyo juu ya hapo. Kumbe jua linaushinda ukuta ule kwa makumi ya maelfu ya mara. Picha imekata kilele chote hicho na kukitupa.

Sasa itumie picha hiyo kama ramani ya mazingira, na umbo lako liwe meza yenye vanishi. Vanishi inarudisha asilimia 4. Asilimia 4 ya 255 ni 10, ambayo kwenye kioo cha kompyuta ni karibu nyeusi. Umechora meza ambayo jua likiakisiwa ndani yake huwa giza. Kwa nambari za kweli, asilimia 4 ya jua bado inaushinda ukuta mweupe kwa zaidi ya mara elfu mbili. Inachoma macho, kama kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya meza ya vanishi juani anavyojua.

Kwa metali isiyo laini kabisa hasara ni kubwa zaidi. Uso wa namna hiyo, kwa kila pointi, huchanganya nuru ya eneo pana la mazingira. Tuseme pointi moja inachanganya pikseli 1,000 za ramani, na moja kati yake ni jua. Katika picha iliyokatwa, jua ni kura moja kati ya elfu, nalo halionekani kabisa. Metali yote inakuwa kijivu cha uji. Katika nambari za kweli, pikseli ile moja inazishinda nyingine 999 zikijumlishwa, na metali inawaka. Mwanafunzi anayelalamika kwamba chuma chake kimepooza, mara tisa kati ya kumi namwambia aache kuugusa uso wa chuma akaitazame ramani yake.

Aliyetupatia dawa ni Paul Debevec. Mwaka 1997, pamoja na Jitendra Malik chuoni Berkeley, alionyesha jinsi ya kupiga mahali pamoja picha kadhaa, moja ikiingiza nuru nyingi, nyingine kidogo, nyingine kidogo zaidi, kisha kuziunganisha ili kupata nambari zinazolingana na mwangaza halisi, kutoka kwenye kivuli hadi kwenye taa. Mwaka uliofuata alizitumia nambari hizo kama ndiyo nuru yenyewe ya onyesho. Filamu yake fupi, Rendering with Natural Light, ilimulikwa na nuru iliyonakiliwa kwenye kijisitu cha mikalitusi ndani ya eneo la chuo, bila taa yoyote ya kubuni. Tangu hapo, kwenye viwanja vya filamu utamwona mtu akisimama na duara la kromu na duara la kijivu kabla mwigizaji hajaondoka. Hafanyi mapambo. Ananakili kile ambacho metali ingekiona kama ingekuwepo pale.

Mazingira yakipatikana, ndipo tunarudi kwenye uso wenyewe, na uso una mambo yake. Hakuna metali ya matumizi iliyo laini kama kioo. Simama ufukweni Dar es Salaam alfajiri, jua likichomoza baharini: kama maji yangekuwa yametulia kabisa ungeliona jua moja chini ya jua, lakini kwa kuwa kuna viwimbi, unaona njia ndefu ya mwanga inayokuja hadi miguuni pako, kila kiwimbi kikiwa kioo kidogo kilichoelekea kwa bahati upande wako. Metali iliyokwaruzika ni bahari ya namna hiyo, ila viwimbi vyake ni vidogo kuliko macho yanavyoweza kuona.

Wazo hili la vioo vidogo vidogo lililetwa na wahandisi wa joto. Kenneth Torrance na Ephraim Sparrow walilichapisha mwaka 1967, wakichunguza jinsi nyuso zilizoparuzwa zinavyorudisha mnururisho. Blinn aliliona na kulivuta kwenye picha za kompyuta mwaka 1977. Mwaka 1981 Torrance mwenyewe, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na Robert Cook, aliwaonyesha wachoraji vyombo viwili vya umbo moja, kimoja cha plastiki yenye rangi ya shaba na kingine cha shaba. Ukiziona picha zile leo, pamoja na uchanga wake wote, huwezi kukosea kipi ni kipi. Ndani ya fomula yao mna mambo matatu yanayofanya kazi kwa pamoja: ni vioo vingapi vimeelekea upande unaotakiwa, ni vingapi vimefunikwa na majirani zao, na kila kimoja kinarudisha kiasi gani kwa kanuni ya Fresnel. Miaka 40 baada ya makala ya kwanza, mwaka 2007, Torrance yumo tena katika kazi ya Bruce Walter na wenzake iliyotoa fomula ya GGX, ambayo sasa iko karibu kila mahali. Faida yake iko pembeni ya doa la mwanga. Fomula za zamani zilikuwa na doa linalokatika ghafla. GGX ina mkia mrefu, ule ukungu wa nuru unaozunguka doa kali. Brent Burley wa Disney, alipolinganisha fomula na vipimo vya metali halisi mwaka 2012, alikuta kromu ya kweli ina mkia mrefu hata kuliko huo.

Kazi hiyo ya Burley ndiyo inayowagusa nyinyi moja kwa moja, hata kama hamjalisikia jina lake. Aliandaa kanuni moja ya uso kwa ajili ya filamu ya Wreck-It Ralph, yenye vidhibiti vichache ambavyo msanii anaweza kuvielewa bila kujua hesabu. Kimoja kinauliza: je, hii ni metali? Kingine kinauliza: uso una ukwaru kiasi gani? Programu ya Blender imekuwa na vidhibiti hivyo tangu 2017, nayo ni ya bure. Msimbo wake ulikombolewa mwaka 2002 kwa michango ya umma iliyofikia euro 100,000 katika wiki saba. Kijana wa Arusha au Kisumu anashika leo kanuni iliyotokana na ile ya Disney. Nawasihi mkitumie kidhibiti cha metali kama swichi: 1 au 0. Hakuna kitu ambacho ni nusu metali. Kutu si metali, rangi ya mafuta si metali, vumbi si metali. Chuma kilichoshika kutu kina sehemu za 1 na sehemu za 0 zilizokaa jirani, na mpaka wake ndio unaopendeza.

Kidhibiti cha ukwaru, kinyume chake, kisiachwe kamwe na nambari moja uso mzima. Mahali pa kushikia pana mafuta ya vidole. Chini, karibu na moto, pana masizi. Ubavu unaosuguliwa kila siku ni laini kuliko kona ambayo kitambaa hakifiki. Mikwaruzo nayo ina tabia ambayo wengi hawaijui: hata ikiwa imeelekea kila upande ovyo, ukiitazama karibu na doa la taa utaona kama miduara inayolizunguka, kwa sababu ni ile tu iliyokaa sambamba na duara hilo inayolirudishia jicho nuru. Taa ikisogea, miduara inasogea nayo. Anayeichora miduara hiyo kama picha iliyobandikwa anagundua kosa mara kamera inapotembea.

Tena kuna metali yenye mistari ya upande mmoja. Geuza sufuria ya alumini uitazame kitakoni: fundi aliizungusha mashineni, na mistari yake ni duara ndani ya duara. Doa la mwanga halikai duara hapo. Linafunguka kama mapanga mawili kutoka katikati kwenda ukingoni, likikata mistari. James Kajiya alilishughulikia jambo hilo mwaka 1985, na mwaka 1992 Greg Ward, mwandishi wa programu ya Radiance, alijenga kifaa cha kulipima, kwa kutumia kuba linaloakisi na lenzi pana, kisha akatoa fomula iliyo nyepesi kutumia.

Michezo ya kompyuta niitaje kwa ufupi. Kwa miaka mingi iliishi kwa ramani za mazingira na kwa kuazima pikseli zilizopo tayari kwenye skrini; ndiyo maana ukiinamisha kamera, jengo linapotea ghafla kwenye dimbwi. Mwaka 2018 kampuni za Epic, Nvidia na ILMxLAB zilionyesha askari wa Star Wars mwenye deraya ya kromu ndani ya lifti, miale ikifuatwa kwa njia ya Whitted, picha 24 kwa sekunde. Mashine iliyotumika ilikuwa na vichakataji vinne vya bei ya kutisha. Leo kadi moja ya mezani inafanya zaidi ya hapo, ikifuata miale michache kwa kila pikseli na kuachia programu ya kusafisha chenga ijaze palipobaki.

Mashine tunazo, kanuni tunazo. Kinachonikera ni anga. Vijana wetu wanachora bajaji, ngalawa, mapambo ya harusi, milango yenye misumari ya shaba, kisha wanavizungushia ramani za mazingira zilizopigwa Ulaya kwa sababu ndizo zilizo karibu na mkono. Jua la adhuhuri la Berlin mwezi Desemba liko nyuzi 14 tu juu ya upeo. Linaangaza kutoka ubavuni, na doa lake linakaa ubavuni mwa chombo. Mombasa, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri liko utosini: doa linakaa kifunikoni, ubavu unapata nuru ya ukuta na ardhi, na kivuli kiko chini ya kitu chenyewe. Ndani ya uchochoro wa Mji Mkongwe, anga ni ukanda mwembamba kati ya kuta mbili za chokaa, na kila chombo kinachong'aa kina ukanda huo umesimama tumboni mwake. Ukanda huo hauko katika maktaba ya ramani niliyozoea kutumia, wala hautaingia mpaka mtu wa hapa aupige.

Vifaa ni vichache. Tafuta duara la metali lililong'arishwa, liweke kwenye stendi mahali ambapo kitu chako kitasimama. Kamera iwe mbali, na lenzi iwe ndefu, ili usijae wewe kwenye duara. Funga mizani ya rangi, funga tundu la lenzi, funga ISO. Badilisha kasi ya shata peke yake, ukianza na picha ambayo vivuli vinaonekana vizuri na kumalizia na ile ambayo kila kitu ni cheusi isipokuwa jua. Kisha zunguka robo ya duara, urudie, ili sehemu uliyojificha wewe mara ya kwanza ipatikane mara ya pili. Jua lenyewe huenda likaendelea kuandikwa 255 hata kwa kasi ya mwisho ya kamera. Hapo weka duara la pili lililopakwa rangi ya kijivu isiyong'aa, ulipige picha palepale juani. Ukirudi nyumbani, chora duara la kijivu kama hilo ndani ya ramani yako na uongeze nguvu ya jua kidogo kidogo mpaka upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli vilingane na vya picha. Yote haya yafanyike mfululizo, mawingu yasipate nafasi ya kusogea, kwa maana seti yenye anga mbili tofauti haiunganiki.